Jina Jipya la Kiumbe wa Pangoni Lisubiri Ushahidi

Kuta za pango la chokaa, hatua chache kutoka mlangoni, mara nyingi huwa na utando wa kijani au wa buluu iliyokolea, unaoteleza ukiugusa. Ndani ya utando huo wamo sianobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea ifanyavyo. Jamaa zao ndio chakula cha heroe wa Ziwa Natron na Ziwa Bogoria. Mapangoni hutosheka na mwanga hafifu mno, na humo wanasayansi wanaendelea kugundua spishi ambazo hazijawahi kupewa jina. Swali gumu ni namna ya kujua kwamba kiumbe ni mpya kweli. Hadubini peke yake haitoshi, wala jeni moja peke yake haitoshi. Jina litolewe pale tu ushahidi wa aina mbalimbali unapokubaliana.

Kwa muda mrefu kilichoamua ni macho: upana wa uzi wa seli, umbo la seli ya mwisho, rangi ya ala inayoufunika. Lakini giza huvuruga vipimo hivyo hivyo. Sianobakteria wa juani hujikinga kwa sitonemini, rangi ya hudhurungi iliyomo ndani ya ala. Akiishi kivulini haihitaji, na ala yake hubaki haina rangi. Mtu akiwatazama wawili hao anaweza kuwapa majina mawili ilhali ni spishi moja. Kosa la kinyume nalo lina madhara zaidi. Nyuzi nyembamba zisizo na matawi zilitupwa kwa miaka mingi katika jenasi ya Leptolyngbya, ambayo iligeuka kapu la kila kisichojulikana. Katika Grotta Gigante, pango la watalii karibu na Trieste, Italia, watafiti walikuta nyuzi za namna hiyo. Vinasaba viliposomwa, zikaonekana kuwa tawi linalojitegemea, na mwaka 2017 zikapewa jenasi yake, Timaviella, yenye spishi mbili.

Je, basi tuitupe hadubini? Hapana, kwa sababu jeni nayo hudanganya. Inayotumika sana ni 16S, jeni ya ribosomu, na kwa kawaida bakteria wawili wanaofanana humo chini ya takriban asilimia 98.7 huhesabiwa kuwa spishi tofauti. Tatizo ni wale waliovuka mstari huo au kuukaribia. Gloeobacter violaceus, aliyeelezwa mwaka 1974 kutoka kwenye mwamba wa chokaa Uswisi, na Gloeobacter kilaueensis, aliyetoka kwenye pango la lava huko Kilauea, Hawaii, wanafanana sana kwa 16S. Jenomu nzima ya huyu wa Hawaii iliposomwa, mwaka 2013, ilikutwa na zaidi ya jeni elfu moja ambazo mwenzake hana. Kwa 16S pekee tungeweza kuwahesabu kuwa kitu kimoja. Na umbo bado lina lake la kusema: Oculatella subterranea, aliyeelezwa mwaka 2012 kutoka kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Roma na Malta, hujulikana kwa kidoa chekundu kwenye ncha ya seli ya mwisho ya uzi uliokomaa. Kidoa hicho usingekiona kwa kusoma 16S.

Wapo wanaosema bakteria hawajamiiani, kwa hiyo spishi zao ni mipaka tuliyojichorea wenyewe. Kweli, mpaka tunauchora sisi; ndiyo maana usitegemee kipimo kimoja. Wengine huuliza kuna haja gani ya kuwaotesha maabara, wakati tunaweza kukwangua ukuta na kusoma vinasaba vyote vilivyomo. Hoja hii ina uzito, kwani wengi wa mapangoni hukataa kabisa kuota kwenye chupa. Hata hivyo vinasaba vya ukwanguo ni mchanganyiko, na mtu mwingine hawezi kurudi kumkagua kiumbe mwenyewe. Kanuni za bakteria hudai kiumbe hai kihifadhiwe katika hazina mbili za nchi tofauti. Zile za mimea, ambamo sianobakteria huingia pia kwa kuwa zamani walihesabiwa miongoni mwa mwani, hudai sampuli iliyohifadhiwa. Asiyeoteka apewe jina la muda na asubiri.

Suala hili halihusu maabara tu. Pango la Lascaux, Ufaransa, lilifungwa kwa umma mwaka 1963 baada ya wageni wengi na taa kuchangia ukuaji wa kijani juu ya michoro ya kale, na huo ulikuwa mwani, si sianobakteria. Rangi ni ile ile, kiumbe ni mwingine. Kwa hiyo wanaosimamia mapango ya utalii, yakiwemo ya Amboni kule Tanga, wakiona ukijani ukutani wasikimbilie klorini na brashi. Wamwite kwanza mtaalamu achukue sampuli, kwa sababu ukishasuguliwa na klorini hakibaki cha kupima.