Nafuu ya kodi nayo iwe na ukomo

Serikali ikitaka kumsaidia mwekezaji, ina njia mbili. Inaweza kumtengea fedha kwenye bajeti, wabunge wakazijadili na kuzipigia kura. Au inaweza kumwambia asilipe sehemu ya kodi yake. Kwa hazina matokeo ni yale yale: fedha zimetoka. Ila ruzuku ya bajeti hurudi mbele ya wabunge kila bajeti mpya inaposomwa, ilhali nafuu ya kodi ikishaingia kwenye sheria hubaki humo, hata kama sababu iliyoileta imekwisha.

Ndiyo maana baadhi ya majimbo ya Marekani huziwekea nafuu hizo tarehe ya ukomo. Siku ikifika, nafuu inakufa yenyewe, isipokuwa bunge la jimbo lipige kura kuirefusha. Bila ukomo, anayetaka kuifuta ndiye anayehangaika kutafuta kura. Ukomo ukiwepo, kazi hiyo inamwangukia anayefaidika.

Oregon ilishika njia hiyo mwaka 2009. Nafuu nyingi zilipangiwa ukomo kwa zamu, katika mzunguko wa miaka 6, ili wabunge wapitie fungu moja baada ya jingine badala ya zote kurundikana mwaka mmoja. Jirani yake, jimbo la Washington, lilipitisha mwaka 2013 sheria inayotaka kila nafuu mpya itaje lengo lake na kipimo cha mafanikio. Isipotajiwa tarehe, itakoma baada ya miaka 10.

Lakini mwaka huo huo Washington ilionyesha jinsi tarehe inavyoweza kupigwa chenga. Nafuu za watengenezaji wa ndege, zilizopitishwa mwaka 2003, zilikuwa zikome mwaka 2024. Kampuni ya Boeing ilipokuwa ikiamua mahali pa kuunda ndege yake ya 777X, Gavana Jay Inslee aliitisha kikao maalumu mwezi Novemba. Ndani ya siku chache ukomo ulisogezwa hadi mwaka 2040, ingawa ulikuwa umebakiza zaidi ya miaka 10. Thamani ya nyongeza hiyo ilikadiriwa kuwa dola bilioni 8.7. Sheria ilidai ndege hiyo na mabawa yake viundwe Washington, ila haikuweka idadi ya ajira za kulindwa. Mwaka 2020 jimbo lilifuta punguzo kuu miongoni mwa nafuu hizo, na kilicholisukuma ni mgogoro wa ruzuku za ndege katika Shirika la Biashara Duniani.

Wawekezaji hulalamika kwamba ukomo unawanyima uhakika, kwa kuwa kiwanda hujengwa kwa hesabu ya miaka mingi. Hoja hiyo ina uzito, na dawa yake ipo: aliyekwisha kuwekeza aachiwe kipindi alichoahidiwa, na mlango ufungwe kwa wanaokuja baadaye.

Tarehe peke yake, basi, haitoshi. Sheria itaje lengo linalopimika, kampuni inayonufaika ilazimike kutoa takwimu zake, ripoti ya wakaguzi iwafikie wabunge kabla ya kura, na pasiwe na kurefusha kabla ya muda kukaribia. Mambo hayo yakikosekana, ukomo utakuwa tarehe ya kuahirishwa tu, na pengo litazibwa na walipa kodi wengine.