Sifongo ya Metali: Koltani ya Masisi na Bati la Walikale

Neno koltani, litumikalo kote Kivu, limeundwa kwa majina mawili ya madini: kolumbiti na tantaliti. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tantaliti ichimbwayo Rubaya, katika eneo la Masisi, inavyogeuzwa kuwa kitu ambacho faida yake imo katika matundu yake.

Tantalamu ni metali nzito: sentimita moja ya ujazo ina gramu 16.6 hivi. Kiwandani hutolewa ikiwa unga laini sana. Unga huo hushindiliwa katika kalibu kuuzunguka uzi wa tantalamu, kisha huokwa katika tanuri lisilo na hewa. Chembe haziyeyuki, bali hushikana pale tu zigusanapo, na baina yao hubaki vinyweleo. Hivyo hupatikana sifongo ya metali ipitishayo umeme, ambayo kuta zake za ndani zina eneo kubwa mno kuliko umbo lake la nje.

Sifongo hiyo huzamishwa katika kimiminika na kupitishiwa umeme, hata kila ukuta ukaota ngozi ya oksidi isiyopitisha umeme. Unene wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita. Mwishowe vinyweleo hujazwa kitu kingine kipitishacho umeme. Pande mbili zikitenganishwa na ngozi hiyo huhifadhi chaji; hiyo ndiyo kapasita. Kadiri kuta zilivyo pana na ngozi ilivyo nyembamba, ndivyo chaji inavyozidi. Mapovu mepesi ya metali, yaundwayo maabarani kwa nyuzi za nanomita, hufuata kanuni iyo hiyo: metali kidogo, uso mwingi.

Kapasita huunganishwa na saketi kwa lehemu. Lehemu ya leo aghalabu ni bati. Si bati la kuezekea, bali metali laini iyeyukayo kwenye sentigredi 232, itokanayo na kasiteriti kama ile ya Bisie, Walikale. Basi maeneo haya mawili jirani huweza kukutana ndani ya simu moja.

Mahitaji ya kapasita yalipandisha bei ya koltani mwaka 2000, na mwaka 2001 bei ikaporomoka. Mwezi Aprili 2024 kundi la M23 liliitwaa Rubaya. Mwaka 1802 Anders Ekeberg wa Sweden aliipa metali hii jina la Tantalo wa hadithi za Kiyunani, aliyesimama majini asiweze kunywa, kwa kuwa oksidi yake haikunywa asidi. Mchimbaji wa Masisi angeweza kulifasiri jina hilo kwa namna nyingine.