Kihisi Ndani ya Sili: Utangulizi kwa Wanaoanza Uchunguzi wa Hataza

Fundi wa gereji aliyewahi kubadilisha beringi ya gurudumu kwenye magari ya siku hizi anaujua mtego huu. Beringi nyingi zina sili pande zote mbili, na kwa macho sili hizo hazitofautiani sana. Lakini moja kati yake ina ukanda mweusi wa mpira uliochanganywa na unga wa sumaku, na ukanda huo umetiwa ncha za kaskazini na kusini kwa kupokezana kuzunguka duara zima. Kihisi kilichofungwa jirani yake husoma ncha hizo zinavyopita, na kompyuta ya breki ikajua gurudumu linazunguka kwa kasi gani. Fundi akiipachika beringi kinyume, gari litatembea bila mlio wowote, ila taa ya ABS itawaka kwenye dashibodi na kugoma kuzimika.

Somo tunaloingia linahusu vitu vya ukoo huo: sili ambazo kazi yake haiishii kuzuia mafuta yasivuje na vumbi lisiingie, bali pia hutoa habari. Linahusu zaidi swali ambalo mchunguzi wa ofisi ya hataza hana budi kulijibu kila ombi la namna hii linapotua mezani kwake: huu ni uvumbuzi kweli, au ni vitu viwili vya zamani vilivyofungwa pamoja? Karibuni nyote. Mwanasheria asiogope grisi, na mhandisi asiogope vifungu vya sheria. Kila mmoja atajikuta mgeni kwenye nusu ya somo na mwenyeji kwenye nusu nyingine.

Tuanze na sili yenyewe. Kwenye shafti ya injini utakuta sili ya mdomo: pete ya chuma iliyovalishwa mpira, na mdomo mwembamba wa mpira huo unaobana shafti inapozunguka. Kwenye pampu kubwa za viwandani utakuta sili ya nyuso mbili, uso mmoja aghalabu wa kaboni na mwingine wa silikoni kabaidi, zinazosuguana zikitenganishwa na utando wa kimiminika wenye unene wa maikromita chache tu. Utando ukikauka, nyuso hukwaruzana, joto hupanda, na baada ya muda mfupi pampu inavuja. Bei ya sili ni ndogo ukiilinganisha na ya mtambo mzima, ila ikifa yenyewe, mtambo wote unasimama.

Tatizo la sili ni kwamba inafanya kazi mahali ambapo jicho halifiki. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba waliokuwemo wakafa. Tume ya uchunguzi iliona kuwa chanzo ni kiungo cha roketi ya kulia, ambacho oringi zake za mpira zilishindwa kuziba katika baridi ya asubuhi ile. Mwanafizikia Richard Feynman alionyesha hadharani jinsi mpira huo unavyopoteza unyumbufu ukitumbukizwa kwenye maji ya barafu. Jambo linalotuhusu hapa limetangulia ajali. Katika safari za awali wahandisi walikuwa wamekuta oringi zilizoliwa na gesi ya moto, lakini walizikuta baada ya roketi kuokotwa baharini na kufunguliwa. Habari za sili zilikuwa zinafika baada ya kazi kwisha. Anayeweka kihisi ndani ya sili anataka habari hizo zimfikie kazi ikiwa inaendelea.

Njia za kufanya hivyo ni nyingi na baadhi zinapendeza kwa werevu wake. Mdomo wa sili unaweza kutengenezwa kwa mpira unaopitisha umeme, kisha ukafunikwa kwa tabaka lisilopitisha. Tabaka la juu likisagika hadi kwisha, mpira wa chini unagusa shafti ya chuma, mkondo unapita na taa inawaka. Wengine huweka kitambaa kinachonyonya nyuma ya mdomo na kukitazama kwa kihisi cha mwanga, ili tone la kwanza la mafuta lionekane. Kwenye sili za nyuso mbili hupimwa joto karibu na uso wenyewe, au husikilizwa sauti za masafa ya juu ambazo sikio la binadamu halizipati.

Sasa ombi limefika ofisini. Mchunguzi kwanza huliainisha, na mfumo unaotumika karibu dunia nzima umetokana na Mkataba wa Strasbourg wa 1971. Makazi ya sili ni F16J 15. Humo ndani, F16J 15/3296 imetengewa ufuatiliaji wa hali ya sili za kunyumbuka, na F16J 15/3492 ufuatiliaji kwenye sili za nyuso mbili. Lakini upimaji wa uvujaji unakaa mtaa mwingine kabisa, G01M 3, na beringi ziko F16C. Anayetafuta kwenye F16J peke yake amefanya nusu ya kazi. Wazo lile lile linaweza kuwa limeelezwa na mtengenezaji wa breki, wa pampu au wa ndege, mmoja akiita sili, wa pili gasketi, wa tatu pakingi. Kwa maoni yangu, maombi mengi dhaifu ya fani hii hupenya kwa sababu ya utafutaji wa mtaa mmoja kuliko kwa sababu ya sheria kueleweka vibaya.

Baada ya hapo yanasomwa madai, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kile ambacho mwombaji anataka kiwe chake. Chukua dai hili nililolitunga kwa ajili ya somo: “Sili ya shafti inayozunguka, yenye mdomo wa mpira unaogusa shafti hiyo, na kihisi kilichomo ndani ya sili kwa ajili ya kufuatilia hali yake.” Linasomeka vizuri. Sasa lifinye. “Kilichomo ndani” ni wapi? Ndani ya mpira wenyewe, ndani ya pete ya chuma inayoubeba, au kwenye kijishimo kilichochongwa kando na kuzibwa kwa gundi? Na “hali” ni ipi: uchakavu, joto, shinikizo, au uvujaji? Maadamu mwombaji hakusema, mchunguzi ana haki ya kulisoma dai kwa upana wote ambao maneno yake yanaruhusu, na mitego iko humo kwenye upana.

Je, beringi ya gari tuliyoanza nayo inaliua dai hili kwa kukosa upya? Haiui. Ili dai lifie hapo, waraka mmoja uliotangulia lazima uonyeshe kila kipengele chake. Kwenye beringi yetu, ukanda wa sumaku uko ndani ya sili lakini kihisi kiko nje, na kinachopimwa ni mwendo wa gurudumu. Hali ya sili haipimwi na mtu. Ila badilisha maneno machache tu, useme “sili yenye sehemu ya mfumo wa kuhisi kwa ajili ya kufuatilia mashine”, na beringi inayouzwa dukani siku zote imekufikia mlangoni. Mwombaji aliyetaka kupanua shamba lake amejikuta ndani ya shamba la jirani. Nawashauri wanafunzi wafanye zoezi hili mara nyingi kabla ya kusoma kifungu chochote cha sheria.

Upya ukishapita, linakuja swali gumu zaidi la hatua ya uvumbuzi: je, mjuzi wa kawaida wa fani angelifikia jambo hili bila kutoa jasho? Ofisi ya Hataza ya Ulaya, yenye makao yake Munich, hutofautisha kati ya kuunganisha na kulundika. Mwongozo wake unatoa mfano wa mashine ya kusaga nyama na mashine ya kujaza soseji zilizowekwa ubavu kwa ubavu. Kila moja inafanya kazi yake ile ile ya zamani, wala hakuna kipya kinachotokana na ujirani wao. Kihisi cha joto kilichobandikwa juu ya sili, kikapima joto kama kinavyopima popote pale, kiko karibu sana na soseji hizo.

Kesi iliyoitikisa dunia ya hataza juu ya jambo hili haikuhusu sili. Ilihusu kanyagio la mafuta la gari, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndiyo kesi ninayoipa uzito kuliko zote. Kampuni ya Teleflex ilikuwa na haki juu ya hataza iliyotokana na kazi ya mvumbuzi Engelgau: kanyagio linaloweza kusogezwa kulingana na kimo cha dereva, pamoja na kihisi cha kielektroniki kilichofungwa kwenye ekseli isiyohama kanyagio linaposogezwa. Teleflex iliishtaki kampuni ya KSR, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 30 Aprili 2007 majaji wote kwa kauli moja, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Kennedy, walisema dai lililobishaniwa lilikuwa wazi mno kwa mjuzi wa fani. Kanyagio la kusogezwa lenye ekseli isiyohama lilikuwa limeshaelezwa katika hataza ya Asano, ambayo ombi lake liliwasilishwa mwaka 1989. Hataza ya Smith nayo ilikuwa imeshafundisha kwamba kihisi kifungwe kwenye sehemu isiyosogea, nyaya zisije zikasuguka na kukatika. Aliyekuwa na karatasi hizo mbili mkononi asingehitaji kipaji cha pekee. Mahakama pia ilikataa kumchukulia mjuzi wa fani kama roboti anayesubiri waraka umwambie kila hatua.

Lakini tazama kilichotokea ofisini kabla ya mahakama. Mchunguzi alikataa dai la kwanza, lililokuwa pana zaidi, akiona ni muunganiko wa wazi wa hataza zilizotangulia. Mwombaji akaongeza sharti la ekseli isiyohama, na dai likapita. Hataza ya Asano, iliyokuwa na sharti hilo hilo, haikutajwa hata mara moja katika uchunguzi. Haikuorodheshwa na mwombaji, wala haikujitokeza mbele ya mchunguzi. Waraka mmoja tu ulikosekana, na kesi ikaishia mbele ya majaji tisa.

Kutokana na hayo, wapo wanaodhani kuwa kuongeza kihisi kwenye kitu cha zamani si uvumbuzi kamwe. Si kweli. Mwaka 2017, katika shauri la Thales Visionix dhidi ya serikali ya Marekani, mahakama ya rufaa ilikuwa inajibu swali jingine, la kama madai yalikuwa wazo tupu lisilostahili hataza hata kidogo. Vihisi vilikuwa vya kawaida, lakini kimoja kiliwekwa kwenye kofia ya rubani na kingine kwenye ndege yenyewe inayosogea. Mpangilio huo haukuwa wa kawaida na ulipunguza makosa ya vipimo, kwa hiyo mahakama ikasema madai yanastahili kufikiriwa. Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja utaona kwa nini katika fani yetu swali la kwanza nisilochoka kuuliza ni kihisi kimekaa wapi, na kukaa hapo kumeondoa tatizo gani ambalo mahali pengine pasingeliondoa.

Na mahali penyewe pana masharti yake. Mpira wa sili hupikwa kwenye ukungu kwa joto ambalo kwa kawaida huzidi nyuzi 150 za Selsiasi, chini ya shinikizo kubwa. Mwombaji akisema kihisi chake kimezikwa ndani ya mpira, muulize kilinusurika vipi. Waya unatoka wapi bila kufungua njia ya mafuta kuvuja? Kama hakuna waya, nguvu ya umeme inatoka wapi, na mawimbi yanapitaje kwenye nyumba ya chuma iliyokizunguka? Mdomo uliokuwa laini umebaki laini baada ya kutiwa kitu kigumu? Maelezo ya ombi yasipojibu, mwombaji hajatimiza sharti la kuufichua uvumbuzi wake kiasi cha mjuzi kuweza kuutengeneza. Hii ndiyo sehemu ambapo mhandisi darasani humshinda mwanasheria.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani haya ni ya Munich na Washington tu. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ni wanachama wa ARIPO, shirika la hataza lenye makao Harare. Chini ya Itifaki ya Harare ya 1982, ombi moja likichunguzwa huko hupelekwa kwa nchi zilizotajwa ndani yake, na kila nchi ina miezi sita ya kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Mbunifu wa karakana ambaye marekebisho yake ni madogo kwa hataza anaweza pia kutazama cheti cha modeli ya matumizi, kinachotolewa na Itifaki hiyo pamoja na sheria ya Kenya ya 2001. Masharti yake ni mepesi na muda wake ni mfupi kuliko miaka 20 ya hataza.

Kuanza hakuhitaji karo wala maabara. Hifadhi ya Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya iko wazi kwa kila mwenye intaneti, bila malipo. Ingia, andika F16J 15/3296, chagua hataza moja tu, na usome madai yake kabla ya kugusa muhtasari. Kisha chukua kalamu, uchore mahali hasa kihisi kilipo. Ukishindwa kupachora, pengine si wewe mwenye tatizo.