Nafasi ya Kiswahili katika Mazoezi ya Sarufi na Msamiati wa Mtihani wa Kiingereza

1.0 Utangulizi



Huenda kichwa cha mhadhara huu kimewashangaza baadhi yenu. Mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza mofolojia ya Kiswahili ana shughuli gani na mtihani wa Kiingereza? Naomba nianze kujibu kwa kukiri kosa.

Katika miaka ya 1980, kabla sijarejea chuoni kwa masomo ya juu, nilifundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari. Siku moja msichana wa kidato cha pili aliandika katika insha yake: "My mother is a nurse. He works at night." Niliisoma sentensi hiyo kwa sauti mbele ya darasa. Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Kisha nikaandika pembeni, kwa wino mwekundu, neno moja: uzembe. Tangu siku hiyo msichana yule hakunyosha tena mkono katika kipindi changu.

Miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nikichambua viambishi nafsi vya Kiswahili kwa ajili ya tasnifu yangu, ndipo nilipotambua kwamba mzembe nilikuwa mimi. Msichana yule alikuwa mwaminifu kwa sarufi aliyoijua. Kiambishi a- katika "anafanya kazi usiku" hakibainishi jinsi. Katika lugha yake hakuwahi kulazimika kuchagua, na mimi mwalimu wake sikuwahi kumweleza kwamba Kiingereza kinamlazimisha.

Hoja ya mhadhara huu basi ni kwamba mwanafunzi mzungumzaji wa Kiswahili anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza atafaidika zaidi na mazoezi yanayoanzia katika Kiswahili anachokijua, kuliko mazoezi yanayojifanya kwamba kichwa chake ni kitupu.

2.0 Usuli

Upimaji wa sarufi ya Kiingereza kwa wasiokuwa wazungumzaji wazawa una historia ndefu. Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianzisha mtihani wake wa umahiri wa Kiingereza kwa wageni. Ulichukua takriban saa 12, ulihusisha sarufi, fonetiki na tafsiri, na watahiniwa wake wa kwanza walikuwa watatu tu. Wote walianguka. Tangu hapo mitihani ya aina hiyo imeenea duniani: TOEFL ilianza mwaka 1964 na IELTS mwaka 1989.

Kwetu Tanzania mtihani huu una uzito wa pekee. Baada ya mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, ilhali sekondari ziliendelea na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike hadi sekondari na vyuo. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa sababu hiyo, kijana anayeshindwa kutofautisha njeo mbili za Kiingereza haponzwi katika somo la Kiingereza peke yake. Anaweza kuielewa baiolojia barabara na bado akakosa alama, kwa kuwa swali limemponyoka.

Kuhusu nadharia, itakumbukwa kwamba Robert Lado, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alisisitiza kulinganisha lugha ya mwanafunzi na lugha anayojifunza ili kubashiri ugumu. Mwaka 1967 Pit Corder alitutahadharisha kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga, na si takataka za kufagiliwa. Mawazo haya mawili ndiyo yanayoniongoza hapa.

3.0 Sarufi: makosa yanazaliwa wapi?

3.1 Nafsi ya tatu na umilikishi

Tumekwisha kuona suala la "he" na "she". Tatizo hilo lina ndugu yake katika vimilikishi. Katika "kitabu chake" kiambishi ch- kinapatana na kitabu, yaani kitu kinachomilikiwa. Katika "his book" na "her book" neno la kwanza linapatana na mwenye kitabu. Mwanafunzi amezoea kutazama mbele, kwenye kitu. Kiingereza kinamtaka atazame nyuma, kwa mtu. Zoezi linalofaa ni kumpa aya fupi yenye wahusika wawili, mwanamume na mwanamke, kisha kumtaka achore mshale kutoka kila kimilikishi hadi kwa mwenye mali kabla ya kuandika jibu.

3.2 Vibainishi "a" na "the"

Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakina dhana ya ubainifu. Kauli hiyo si sahihi. Kilichokosekana ni neno maalumu la kuibeba, lakini dhana yenyewe ipo. Tazama mifano hii:

(1) a. Nimenunua gari.
    b. Nimelinunua gari.

Anayesema (1b) anachukulia kwamba msikilizaji analijua gari linalozungumziwa. Kiambishi cha mtendwa -li- kinafanya kazi inayokaribiana sana na ile ya "the". Mwanafunzi anayejaza nafasi iliyoachwa wazi anaweza kujiuliza: ningesema sentensi hii kwa Kiswahili, ningeweka kiambishi cha mtendwa? Kipimo hiki kina mipaka. Kwa nomino za watu, kama katika "nimemwona mtu", kiambishi hutokea hata kama mtu huyo hajulikani. Na nomino iliyo kiima haiguswi na kipimo hiki kabisa. Hata hivyo, kinampa mwanafunzi mahali pa kuanzia penye mantiki badala ya kubahatisha.

3.3 Kiambishi -me-

Vitabu vingi vya mazoezi hulinganisha -me- na "has" au "have" moja kwa moja. Ulinganisho huo ndio unaowaponza wengi. Chunguza:

(2) a. Mgeni amefika.
    b. Mtoto amelala.
    c. Askari amesimama mlangoni.
    d. Bibi amevaa kanga.

Sentensi ya (2a) inajibu swali "kumetokea nini?", na Kiingereza kitasema "has arrived". Lakini (2b) hadi (2d) kwa kawaida zinajibu swali "yukoje?" Hapo Kiingereza hutumia kitenzi "be": "is asleep", "is standing", "is wearing". Mwanafunzi anayeandika "The child has slept" akimaanisha kwamba mtoto yuko usingizini amefuata kanuni aliyopewa, ila kanuni yenyewe ilikuwa nusu. Maswali hayo mawili yanatosha kuwa zoezi la wiki nzima.

Tuongeze kwamba katika mazungumzo ya kila siku si ajabu kusikia "Wageni wamefika jana". Kiingereza cha mtihani hakikubali "have arrived yesterday". Neno linalotaja wakati uliokwisha, kama vile jana au mwaka jana, hudai njeo iliyopita ya kawaida. Afadhali mwanafunzi azoee kulipigia mstari neno la wakati kabla ya kukigusa kitenzi.

3.4 Viulizi mkia na majibu ya ukanushi

Kiswahili kinatosheka na "sivyo?" au "au siyo?" mwishoni mwa sentensi yoyote. Kiingereza kinadai maamuzi matatu kwa mpigo: kitenzi kisaidizi kipi, kiwe yakinishi au kanushi, na nafsi ipi. Kwa hiyo "Your sisters came yesterday" hufuatwa na "didn't they?" Mwanafunzi anayefundishwa maamuzi haya moja baada ya jingine huyamudu, anayetakiwa kukariri orodha huchanganyikiwa.

Tofauti inajitokeza pia katika kujibu. Ukiulizwa "Hujala?" nawe hujala, unaweza kujibu "Ndiyo, sijala", kwa maana unamkubalia aliyeuliza. Kiingereza husema "No, I haven't". Kiswahili hapa kinajibu dhana ya muulizaji; Kiingereza kinajibu hali halisi. Zote mbili ni mantiki kamili.

4.0 Msamiati

Katika msamiati hatari kubwa ni kudhani kwamba kila neno lina mwenzake mmoja. "Mkono" ni "hand" na pia "arm". "Mguu" ni "foot" na pia "leg". "Kidole" ni "finger" na pia "toe". "Kuazima" hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea, ilhali Kiingereza kinatenganisha "lend" na "borrow". Kitenzi "kusikia" kinahusu sauti, harufu na hata njaa, na ndiyo maana tunakutana na "I hear a bad smell" katika karatasi za majibu. "Kuoa" na "kuolewa" hutenganisha mume na mke. "Marry" haitenganishi, na anayeandika "She was married by my uncle" ameitafsiri kauli ya kutendwa isiyohitajika, na msomaji Mwingereza anaweza hata kudhani mjomba ndiye aliyefungisha ndoa.

Hata saa ni msamiati. Saa moja asubuhi ni "seven o'clock". Mwanafunzi aliyeandika kwamba husafiri kwenda shuleni "at one o'clock in the morning" hakukosea hesabu. Alihesabu kuanzia kuchomoza kwa jua, kama wazee wake walivyofanya.

Kwa upande wa uundaji wa maneno, Kiswahili kinampa mwanafunzi mtaji mkubwa. Anayejua kwamba "tenda" huzaa mtendaji, utendaji na kitendo haoni ajabu kwamba "act" huzaa "actor", "action" na "activity". Asichokijua ni kwamba viambishi tamati vya Kiingereza havitabiriki kirahisi: "arrive" huzaa "arrival", "agree" huzaa "agreement", na "decide" huzaa "decision". Kwa hiyo neno lijifunzwe pamoja na ukoo wake, si peke yake.

5.0 Namna ya kufanya mazoezi

Napendekeza mambo manne. Kwanza, mwanafunzi awe na daftari la makosa lenye safu tatu: alichoandika, kinachokubalika, na sababu iliyomo katika Kiswahili. Safu ya tatu ndiyo yenye faida kubwa, nayo ndiyo inayoachwa. Pili, ayarudie makosa hayo kwa vipindi vinavyoachana: kesho, baada ya siku chache, baada ya wiki kadhaa. Tangu Hermann Ebbinghaus achapishe utafiti wake kuhusu kumbukumbu mwaka 1885, imefahamika kwamba marudio yaliyotawanywa hudumu kuliko yaliyorundikwa usiku mmoja. Tatu, ajipime kwa kufunika jibu na kulikumbuka, badala ya kulisoma tena na tena. Nne, kila kanuni na kila neno jipya alitungie sentensi kuhusu maisha yake mwenyewe. Anayejaza nafasi zilizoachwa wazi tu hujifunza kujaza nafasi, na insha humshinda.

Naomba nisieleweke vibaya. Si kila kosa linatokana na Kiswahili. Anayeandika "goed" amepanua kanuni ya Kiingereza chenyewe, na watoto wa Kiingereza hufanya hivyohivyo. Aidha, wanafunzi wetu wengi wana lugha nyingine nyumbani, kama vile Kisukuma au Kijaluo, ambazo nazo hazitenganishi "he" na "she". Uchunguzi wa kila darasa bado ni lazima.

6.0 Hitimisho

Katika baadhi ya shule, mwanafunzi aliyenaswa akizungumza Kiswahili alivishwa kibao shingoni, kana kwamba lugha yake ni ugonjwa unaoambukiza Kiingereza. Niliyoyaeleza yanaonyesha kinyume. Kosa linaloeleweka chanzo chake hurekebishika. Kosa linaloaibishwa hujificha, likasubiri chumba cha mtihani.

Wanafunzi wa isimu mnaonisikiliza, kazi hii ni yenu. Vitabu vya mazoezi vilivyotungwa mbali na hapa haviwezi kujua kwamba "amelala" ni "is asleep". Ninyi mnajua. Viandikeni vitabu hivyo. Nami, kama ningeipata leo insha ile, nisingeisoma kwa sauti. Pembeni yake ningeandika kwa Kiswahili: "Umefuata a- ya Kiswahili. Kiingereza kinauliza: mama ni mwanamume au mwanamke?" Naamini angesahihisha mwenyewe, na kesho yake angenyosha mkono.