MIDI: Nani huiamulia kompyuta noti ya mwimbaji?

Kompyuta moja, maikrofoni na kibodi ndogo vinatosha leo kufungua studio ya muziki mjini Arua, Koboko au hata katika eneo la Ajia, kaskazini magharibi mwa Uganda. Ndani ya kompyuta hiyo, plagini za madoido hubadilisha sauti iliyorekodiwa: huipa mwangwi, huifanya nzito, au huisahihisha pale mwimbaji alipokosa noti.

Usahihishaji huo una hatari yake katika lugha za West Nile. Kilugbara, Kikakwa na Kialur ni lugha za toni. Tofauti na Kiswahili, ndani yake kidatu, yaani ujuu au uchini wa sauti, huweza kutenganisha maana ya neno moja na jingine. Ni kweli kwamba melodia ya wimbo haifuati toni za maneno kila mara. Hata hivyo, mashine inayohamisha noti bila kuijua lugha huweza kumwondolea msikilizaji sehemu ya kile anachotegemea ili kuelewa.

Je, fundi wa studio anaweza kuiamuru plagini ifuate noti anazozichagua yeye? Anaweza, kwa kutumia MIDI.

MIDI ni nini?

MIDI ni lugha ya mawasiliano kati ya ala za kielektroniki. Ilionyeshwa hadharani nchini Marekani Januari 1983, pale vinanda vya kampuni mbili shindani, Sequential Circuits ya Marekani na Roland ya Japani, vilipounganishwa kwa waya na kusikilizana.

Ujumbe wa MIDI haubebi sauti yoyote. Hubeba maagizo tu: noti ipi ianze, ibonyezwe kwa nguvu gani, ikome lini. Noti hupewa namba kuanzia 0 hadi 127, na C ya kati ni namba 60. Maagizo husafiri katika chaneli 16.

Ala ya kielektroniki ikipokea maagizo hayo, hulia. Plagini ya madoido ni tofauti, kwa kuwa kazi yake ni kupokea sauti iliyokwisha kuwapo na kuibadilisha. Ndiyo maana programu nyingi za muziki hazipeleki MIDI kwenye plagini ya madoido mpaka ziagizwe.

Mashine ikiachwa ijiamulie

Auto-Tune, iliyotolewa na kampuni ya Antares mwaka 1997, ndiyo plagini ya kusahihisha sauti iliyo maarufu kuliko zote. Katika hali ya kawaida hupima kidatu cha mwimbaji, hutafuta noti iliyo karibu zaidi katika skeli iliyochaguliwa, kisha huivuta sauti hadi hapo. Mwimbaji akiteleza taratibu kutoka juu kwenda chini, mteremko huo huweza kukatwakatwa ukawa ngazi.

Ikiongozwa kwa MIDI, plagini huacha kukisia. Fundi hubonyeza noti aliyoikusudia mwimbaji, na sauti huvutwa kuelekea noti hiyo peke yake.

Njia ya kuunganisha

Kwanza, sauti ya mwimbaji huwekwa katika traki yake pamoja na plagini. Pili, hufunguliwa traki nyingine ya noti za MIDI, zinazopigwa kwa kibodi au kuchorwa kwa kipanya. Tatu, traki hiyo huelekezwa kwenye plagini, na hapa kila programu ina desturi yake.

Katika Ableton Live, traki ya MIDI huelekezwa kwenye traki ya sauti, kisha huchaguliwa jina la plagini yenyewe. Katika FL Studio, namba ya mlango wa kutolea MIDI lazima ilingane na namba ya mlango wa kuingilia wa plagini. Katika REAPER, traki moja huweza kubeba sauti na MIDI kwa pamoja, hivyo inatosha kutuma noti kwenye traki ya mwimbaji. Logic Pro hugeuza mpangilio: plagini hufunguliwa katika traki ya ala, kwenye kundi la madoido yanayoongozwa na MIDI, halafu sauti ya mwimbaji huletwa kwa njia ya pembeni.

Hatua ya mwisho husahaulika kwa urahisi: ndani ya plagini yenyewe, hali ya kufuata MIDI lazima iwashwe. Isipowashwa, taa za traki zitaonyesha noti zikipita, lakini sauti itabaki vilevile. Ikiwa hali hiyo imewashwa na bado hakuna mabadiliko, namba ya chaneli ndiyo ya kukaguliwa.

Mipaka yake

MIDI haimalizi kila tatizo. Kwa kawaida noti zake huigawa oktavu katika hatua 12 zinazolingana, kama kinanda. Adungu, ala ya nyuzi yenye asili kwa Waalur, hutungwa kwa sikio, na nyuzi zake huweza kuangukia katikati ya hatua hizo. Sauti iliyoimbwa kuufuata uzi wa namna hiyo itapishana na adungu ikivutwa hadi kwenye noti ya kinanda. Hapo fundi hulazimika kubadilisha mizani ya plagini, kupunguza kasi ya usahihishaji, au kuizima kabisa katika sehemu hiyo.

Kwa sababu hiyo, ni vyema kuhifadhi nakala ya sauti isiyoguswa, na kumsikilizisha mzungumzaji wa lugha husika nakala zote mbili kabla wimbo haujapelekwa redioni. Akisema kwamba neno fulani limegeuka, noti yake hurekebishwa katika traki ya MIDI, na mwimbaji halazimiki kurudi studio kurekodi upya.