"Hapa kila mtu anakunywa": Uongo unaomsubiri mwanao chuoni

Begi limefungwa, ada imelipwa, kijana anakwenda chuo. Mzazi anamsindikiza kwa onyo moja: "Usiguse pombe." Akifika bwenini anasikia jingine: "Hapa kila mtu anakunywa."

Kauli hiyo ya pili ndiyo watafiti wa Marekani wameifanyia kazi kwa miaka mingi. Walibaini kuwa wanafunzi wengi hudhani wenzao wanakunywa kuliko hali halisi. Anayeamini hivyo, naye huongeza chupa ili asionekane mshamba.

Katika miaka ya 1990, Alan Marlatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, waliandaa mpango ambao mshauri alikaa na mwanafunzi mmoja mmoja, bila kumhukumu, wakapitia unywaji wake. Baadaye wazo hilo lilihamia kwenye intaneti.

Majibu yake, si ya wote

Mwanafunzi hujaza jinsia, uzito, siku anazokunywa, chupa ngapi, na anavyodhani wenzake wanakunywa. Programu humrudishia hali yake mwenyewe: kilevi kinavyopanda kwenye damu yake, fedha zinazoteketea, na takwimu halisi za wanafunzi wenzake. Asiyekunywa naye hugundua kwamba hayuko peke yake.

Hata hivyo, simu haimalizi kazi. Utafiti uliohusisha vyuo 30 vya Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ulipima somo moja la mtandaoni kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Matatizo ya pombe yalipungua muhula wa kwanza, lakini nafuu hiyo haikudumu hadi muhula uliofuata.

Nafasi ya mzazi

Mtafiti mwingine wa huko, Rob Turrisi, aliandaa kitabu cha kuwasaidia wazazi kuzungumza na watoto wao kabla hawajaanza chuo. Mzazi wa hapa naye anaweza kufanya hivyo, kwa kuzungumza na mtoto anayemjua:

- Muulize, "Unadhani wangapi darasani kwenu watakuwa wanakunywa?" Kisha sikiliza.
- Gusa maisha yake: bumu likitoka atapanga nini? Kuna ndugu aliyeharibiwa na pombe?
- Fanyeni mazoezi ya kukataa chupa bila kugombana na rafiki.
- Mpigie tena wiki za kwanza, upweke unapouma.

Onyo la mlangoni husahaulika. Mazungumzo yanayoendelea humfuata hadi bwenini.