Tusi la darasani huanzia nyumbani

Shule zinapofunguliwa Januari huko Matongo, wilayani Tarime, msimu wa tohara wa Desemba umekwisha kupita. Msichana ambaye hakukeketwa huweza kurudi darasani akakuta ameshapewa jina: msagane. Kwa Wakurya, wenyeji wa huko, ndilo jina la msichana ambaye hajakatwa, na likitamkwa kwa kebehi siku baada ya siku, huo ni uonevu kamili.

Mtoto wa darasa la nne hakulitunga neno hilo. Alilisikia kwa bibi, kwa shangazi, au kwa baba akimsema binti wa jirani.

Sayansi inaeleza neno kama hilo linavyosafiri. Mwaka 1961, mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaonyesha watoto mtu mzima akilipiga na kulitukana sanamu la mpira. Walipoachwa nalo, wengi waliiga mapigo yale, na hata maneno yale yale.

Fimbo nayo hufundisha. Utafiti wa Tobias Hecker na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, uliwahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi Tanzania. Asilimia 95 walikuwa wamewahi kuchapwa na wazazi au walezi. Waliopata adhabu kali zaidi walionekana kuwa na ugomvi zaidi na moyo mdogo wa kuwasaidia wenzao. Utafiti wa namna hii hauonyeshi kipi kilitangulia, lakini uhusiano wenyewe unatosha kutufikirisha.

Malezi humgusa pia anayeonewa. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walichambua tafiti 70 zilizohusu watoto zaidi ya 200,000. Watoto waliolelewa kwa ukali walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuonewa. Mazungumzo ya wazi na upendo wa wazazi viliwakinga. Hata kumlinda mtoto kupita kiasi kulihusishwa na hatari hiyo, huenda kwa kuwa hapati nafasi ya kujifunza kujitetea.

Basi mzazi aanze kwa kuuliza: leo ulicheza na nani? Nani alikaa peke yake? Mtoto akisema anaonewa, asiambiwe “nenda ukampige”. Asikilizwe, kisha mwalimu aelezwe. Simu ya watoto, namba 116, hupigwa bure. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18, kwa hiyo anayeitwa msagane hana kosa lolote.

Jioni ya leo binti wa jirani atapita njiani. Mwanao atasikiliza unavyomwita.